Daftari la Madaktari: Nani Huliandika, Nani Huruhusiwa Kulisoma?

Utangulizi

Neno moja linaweza kumchanganya mgeni anayetoka Dar es Salaam akafika Bujumbura. Kwao, ukisema "mganga" bila kuongeza kitu, wengi hufikiria mtu wa mitishamba, ingawa serikali yao nayo ina Mganga Mkuu. Kwetu Buyenzi na Bwiza, ambako Kiswahili na Kirundi hulala kitanda kimoja, "muganga" ni mtu wa hospitali. Tena si daktari peke yake. Nesi anayechoma sindano ni muganga, anayepima damu ni muganga, na hata kijana anayeuza vidonge nyuma ya kaunta ya duka la dawa huitwa muganga na wateja wake. Ukitaka kumtofautisha aliyesomea udaktari, unasema "dogiteri", na hilo nalo siku hizi limeanza kugawiwa ovyo.

Utata huu wa neno ni dalili ya utata mkubwa zaidi. Mgonjwa anapoingia katika chumba cha matibabu, anajuaje kwamba anayemgusa amesoma, amefaulu, ameruhusiwa na sheria, na hajawahi kufukuzwa mahali pengine kwa kosa zito? Katika nchi nyingi jibu ni orodha: daftari rasmi la madaktari wenye leseni. Insha hii inajadili historia ya daftari hilo. Hoja yangu ni kwamba daftari la madaktari halikuzaliwa kwa ajili ya mgonjwa peke yake. Liliandikwa na watawala na madaktari wenyewe, na mara nyingi lilitumika kufunga mlango kuliko kumlinda mtu. Linageuka kuwa mali ya mgonjwa pale tu linapotimiza mambo matatu: liwe wazi, liwe katika lugha anayoisoma, na lieleze yaliyopita, si jina na shahada tu. Kwa Burundi nitaongeza sharti la nne, ambalo linatokana na historia yetu wenyewe.

Kabla ya daftari

Kabla ya wakoloni, jamii za eneo letu hazikukosa njia za kumjua mponyaji. Umupfumu aliyetibu au kupiga ramli hakuwa na cheti, lakini alikuwa na kilima chake. Watu walijua alifundishwa na nani, mara nyingi baba au mama yake au mzee wa ukoo, na walijua nani alipona kwake na nani alizikwa. Kwa kuwa mponyaji na mgonjwa walikuwa majirani, sifa zake zilitembea miguu. Penye ugomvi, walikuwapo abashingantahe, wazee waliosikiliza pande zote mbili na kuamua.

Wahenga wa Kiswahili wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inaeleza vizuri mfumo huo wa zamani, na pia inaonyesha udhaifu wake. Unafanya kazi pale tu watu wanapokaa pamoja muda mrefu. Mponyaji akihama na kwenda mahali asipojulikana, sifa zake mbaya zinabaki nyuma na yeye anaanza upya. Ndiyo maana katika nchi nyingi hitaji la orodha iliyoandikwa lilikuja pamoja na miji mikubwa, mahali ambapo watu hawajuani.

Kutoka Baghdad hadi London

Mfano wa zamani unaotajwa sana ni wa Baghdad. Wanahistoria wa tiba ya Kiarabu wanasimulia kwamba mwaka 931 Khalifa al-Muqtadir alipata habari ya mgonjwa aliyefariki kwa kosa la tabibu. Akaamuru kwamba hakuna mtu atakayetibu mjini mpaka afanyiwe mtihani na tabibu wake mkuu, Sinan ibn Thabit. Waliofika kupimwa walizidi 860. Inasimuliwa pia kwamba alifika mzee mmoja mwenye sura ya heshima ambaye elimu yake ilikuwa ndogo mno, naye akaomba asinyimwe riziki kwa sababu ana familia. Sinan alimruhusu kwa sharti kwamba asiguse ugonjwa asioujua na asitoe tiba kali. Kisa hiki kidogo kina mambo yote tunayobishania hadi leo: usalama wa mgonjwa, riziki ya mtabibu, na leseni yenye mipaka.

Ulaya nayo ilifuata njia hiyo. Mwaka 1231 Mfalme Frederick wa Pili, katika sheria zake za Melfi kwa ajili ya ufalme wa Sisilia, alikataza mtu kutibu bila kupimwa na walimu wa Salerno. Ufaransa, baada ya mapinduzi yake, ilitunga sheria ya mwaka 1803 iliyowataka madaktari kusajili shahada zao kwa mamlaka ya mahali wanapofanya kazi, na orodha za majina yao zitangazwe. Sheria hiyo hiyo iliweka ngazi mbili: madaktari kamili, na "maafisa wa afya" waliosoma muda mfupi na kutumikia zaidi watu wa vijijini. Ubelgiji, nchi ambayo baadaye ingetutawala, ilipata mwaka 1818, ilipokuwa chini ya Uholanzi, sheria iliyounda kamati za tiba za mikoa zilizokagua shahada kabla ya mtu kuanza kazi.

Lakini daftari lililoenea zaidi katika Afrika Mashariki lilitokana na Uingereza. Sheria ya Tiba ya mwaka 1858 iliunda Baraza Kuu la Tiba na kuliagiza litunze daftari la madaktari na kulichapisha. Utangulizi wa sheria ile ulieleza sababu yake waziwazi: watu wanaohitaji tiba waweze kutofautisha aliyesoma na asiyesoma. Kwa maneno mengine, msomaji aliyekusudiwa ni mgonjwa. Hata hivyo, tukiangalia utekelezaji tunaona jambo la ajabu. Sheria haikumkataza asiyesajiliwa kutibu. Ilimkataza kujifanya amesajiliwa, na ikamnyima baadhi ya haki, kama kudai ada yake mahakamani. Kwa hiyo mzigo wa kutafuta jina ulibaki juu ya mgonjwa. Asiyesoma, au asiyejua kwamba daftari lipo, hakulindwa na chochote.

Daftari hilo pia lilikuwa mlango wenye bawabu. Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari nchini Marekani, aliandikwa katika daftari la Uingereza mwaka 1859. Aliingia kwa kifungu kilichowaruhusu wenye shahada za nje ambao walikwisha kufanya kazi Uingereza kabla ya sheria kuanza. Baada yake kifungu hicho hakikuwafaa tena wanawake wengine, na kwa miaka kadhaa mlango ulikuwa kama umefungwa. Hapa tunajifunza jambo la kwanza: kukosekana kwa jina katika daftari si lazima kumaanishe kukosa elimu. Wakati mwingine kunamaanisha kwamba wenye ufunguo hawakutaka kufungua.

Orodha ya mkoloni

Somo hilo Waafrika walilipata kwa uchungu. Hastings Kamuzu Banda, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Malawi, alipata shahada yake ya udaktari katika chuo cha Meharry nchini Marekani mwaka 1937. Shahada hiyo haikumruhusu kutibu katika himaya ya Uingereza. Ilibidi aende Edinburgh kusoma upya, akapata sifa za huko mwaka 1941. Nchini Uganda, vijana walianza kufundishwa utabibu Mulago katika miaka ya 1920, na baadaye Makerere. Kwa muda mrefu wahitimu wa Makerere walitibu maelfu ya watu katika hospitali za serikali, lakini hawakuhesabiwa sawa na wenzao wa Kizungu. Ni mwaka 1957 tu ambapo Baraza Kuu la Tiba la London lilitambua sifa zao. Mwanahistoria John Iliffe, katika kitabu chake kuhusu madaktari wa Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1998, ameonyesha jinsi vita vya kutambuliwa vilivyochukua sehemu kubwa ya maisha ya kizazi kile.

Upande wetu, chini ya Wabelgiji, hali ilikuwa nzito zaidi. Shule ya Astrida, iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1929 katika mji unaoitwa leo Butare au Huye, ilifundisha vijana wa Ruanda-Urundi, na miongoni mwao walitoka wasaidizi wa tiba. Nchini Kongo nako walikuwapo wasaidizi wa aina hiyo. Walipasua majipu, walizalisha, walitibu malaria na kuhara, na mara nyingi walikuwa peke yao katika zahanati ya mbali. Lakini hawakuwa madaktari kwa sheria. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 haikuwa na daktari hata mmoja Mkongomani mwenye shahada kamili, na baadhi ya wasaidizi wale walipelekwa Ufaransa kumalizia masomo. Ukilinganisha, ile ngazi ya "maafisa wa afya" ya mwaka 1803 ilikuwa imevuka bahari: daktari kamili kwa mtu wa mji, msaidizi kwa mtu wa kijiji, na sasa rangi ya ngozi ikaongezwa juu yake.

Je, mgonjwa wa kikoloni aliweza kuuliza habari za daktari wake? Tuangalie ugonjwa wa malale. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, mwanasayansi Mjerumani aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, aliweka kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria. Huko aliwadunga wagonjwa dawa ya atoksili yenye arseniki. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka. Baadaye Wajerumani walifungua kambi za malale pia katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, ukiwemo ukanda wetu wa Imbo. Koch alikuwa na shahada zote za dunia. Jina lake lingepatikana katika orodha yoyote. Lakini mgonjwa wa Sese hakuhitaji kujua shahada yake. Alihitaji kujua kilichowapata wale waliodungwa kabla yake. Habari hiyo haikuandikwa mahali ambapo angeweza kuisoma. Ilipita mdomo kwa mdomo, na watu wakaondoka kambini kwa miguu yao. Maafisa waliandika kwamba wenyeji ni wajinga na wanaogopa sindano. Kwa maoni yangu, wenyeji walikuwa wanatumia daftari pekee walilokuwa nalo.

Yaliyofichwa nyuma ya jina

Mfano wa Koch unatuleta kwenye jambo la pili: daftari linaweza kusema kweli na bado likamficha mgonjwa kile anachokihitaji. Mifano miwili ya karne ya 20 inatosha.

Harold Shipman alikuwa daktari wa Uingereza. Mwaka 1976 alitiwa hatiani kwa kughushi maandishi ya dawa ili apate pethidini kwa matumizi yake mwenyewe. Alitozwa faini, na Baraza Kuu la Tiba likamwandikia barua ya onyo bila kumfuta. Jina lake liliendelea kuwa katika daftari kama majina mengine. Akahamia mji wa Hyde karibu na Manchester, akapendwa na wagonjwa wake, wengi wakiwa wazee. Alikamatwa mwaka 1998, na mwaka 2000 mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji ya wagonjwa 15. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Janet Smith ulikadiria kwamba aliua watu wapatao 250. Mgonjwa wa Hyde ambaye angelifungua daftari mwaka 1980 angeliona jina, shahada na anwani. Hukumu ya 1976 asingeiona. Ripoti ya Jaji Smith ya mwaka 2004 ilililaumu Baraza kwa kuwatazama zaidi madaktari kuliko wagonjwa, na tangu mwishoni mwa 2012 kila daktari mwenye leseni nchini humo hukaguliwa upya kila baada ya miaka kadhaa.

Mfano wa pili unatugusa sisi Waafrika moja kwa moja. Michael Swango, daktari Mmarekani, alifungwa mwaka 1985 katika jimbo la Illinois kwa kuwawekea sumu wafanyakazi wenzake. Alipotoka gerezani alitengeneza karatasi za uongo zilizolifanya kosa lake lionekane kama ugomvi wa ngumi, akapata kazi Dakota Kusini, kisha New York. Kote alifukuzwa ukweli ulipojulikana. Mwaka 1994 alikuja Zimbabwe, akapokelewa katika hospitali ya misheni ya Mnene, ambayo kama hospitali nyingi za vijijini ilikuwa na kiu ya daktari. Wagonjwa wakaanza kufa kwa namna isiyoeleweka. Wauguzi wa Kizimbabwe na wagonjwa walionusurika ndio waliosema walichokiona. Alikamatwa Juni 1997 katika uwanja wa ndege wa Chicago, akiwa njiani kwenda kufanya kazi Saudi Arabia, na mwaka 2000 alikiri mauaji ya wagonjwa nchini Marekani na akafungwa maisha.

Kinachosikitisha ni kwamba wakati Swango anaomba kazi zile, Marekani ilikwisha kuwa na hazina ya taifa ya kumbukumbu za madaktari. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1986 na hazina ikaanza kazi mwaka 1990. Ilikusanya adhabu za madaktari na malipo ya fidia kwa wagonjwa. Lakini ilifunguliwa kwa hospitali na mamlaka za leseni, si kwa mwananchi, na hospitali ya misheni katika kijiji cha Zimbabwe haikuwa na njia ya kuifikia kwa urahisi. Jimbo la Massachusetts ndilo lililotangulia, mwaka 1996, kutoa sheria ya kumwonyesha mwananchi historia ya daktari: alisoma wapi, ameadhibiwa na nani, amelipa fidia mara ngapi.

Kwa hiyo mtu anayetafuta habari za daktari ana maswali mawili, si moja. La kwanza: je, ana leseni? La pili: amefanya nini na leseni hiyo? Madaftari mengi hujibu la kwanza na kunyamaza kwa la pili.

Burundi: kumbukumbu iliyovunjika na hofu ya orodha

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Chuo Kikuu kilianzishwa Bujumbura mwaka 1964, na polepole nchi ikapata madaktari wake waliosomea hapa na nje. Hospitali kama ya Prince Régent Charles, ya Prince Louis Rwagasore na ile ya Kamenge zikawa majina ya nyumbani. Tuna pia Baraza la Taifa la Madaktari, ambalo kwa Kifaransa huitwa Ordre des Médecins. Katika mfumo huo tuliourithi kwa Wabelgiji, daktari lazima aandikwe katika kile kinachoitwa "tableau". Neno hilo kwa Kifaransa pia ni ubao wa darasani, kitu ambacho kila mtu anakiona kutoka mahali alipokaa. Lakini muulize mama anayeuza mbogamboga soko la Ruvumera kama amewahi kuusikia ubao huo. Bibi yangu, akipelekwa kwa daktari mpya, swali lake lilikuwa moja tu: "Huyu ni mtoto wa nani?" Tulikuwa tukicheka. Sasa naona kwamba alikuwa anafungua daftari lake la kilimani, lile la kabla ya makaratasi.

Tatizo ni kwamba daftari hilo la kilimani limechanika. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 viliwatawanya watu. Wengine walikwenda kambi za Tanzania, wengine Kongo, Rwanda na mbali zaidi. Wengine walihama mtaa hadi mtaa ndani ya Bujumbura hii hii. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 watu walianza kurudi kidogo kidogo, na miongoni mwao wamo waliosomea ugenini, kila mmoja na karatasi ya nchi yake na lugha yake. Majirani wa leo hawakukua pamoja. Ukimuuliza mtu "huyu ni mtoto wa nani?" atakujibu "sijui, nimemkuta hapa." Kwa hiyo njia ya zamani haitoshi tena, na njia mpya haijamfikia mgonjwa wa kawaida. Hapo katikati ndipo anapopita tapeli.

Lakini lipo jambo jingine ambalo vitabu vya Uingereza au Marekani haviwezi kutufundisha. Katika nchi yetu orodha ya majina si kitu kisicho na hatia. Mwaka 1972 wasomi, walimu, wauguzi, wanafunzi wa Chuo Kikuu na wa sekondari walikamatwa wakitajwa majina, wakachukuliwa, na wengi hawakurudi. Familia nyingi za Bujumbura zina mtu ambaye jina lake lilisomwa. Mzee aliyeyaona yale, ukimwambia kwamba wasomi wote wa taaluma fulani waandikwe na orodha yao iwekwe hadharani, ana sababu ya kunyamaza kabla ya kujibu. Huwezi kumwita mshamba.

Kwa hiyo kwa Burundi naongeza sharti la nne: daftari liseme yanayohusu kazi tu. Jina, chuo, mwaka wa kuhitimu, utaalamu, hali ya leseni, na adhabu iliyothibitishwa baada ya daktari kusikilizwa. Kilima alichozaliwa, jina la baba yake na ukoo wake visiwemo. Yaani swali la bibi yangu libadilishwe: badala ya "ni mtoto wa nani?" tuulize "ni mwanafunzi wa nani, na amewatibu vipi waliomtangulia?" Sharti hili linamlinda daktari dhidi ya chuki, na wakati huo huo linamlinda mgonjwa dhidi ya upendeleo, kwa sababu kuwa mtoto wa mtu fulani hakumpi mtu ujuzi wa kupasua.

Hapa pia inafaa kujibu pingamizi moja. Wapo wanaosema kwamba kufichua makosa ya daktari kutawakimbiza madaktari, na sisi tuna wachache. Hoja hii ina uzito. Mnene ilimpokea Swango kwa sababu hiyo hiyo ya uchache. Lakini kisa hicho chenyewe kinaonyesha kwamba penye uchache ndipo mtu mbaya hupenda kwenda, maana hapaulizwi maswali. Zaidi ya hayo, pasipo na daftari la wazi, uvumi ndio unaohukumu. Daktari mwema ambaye mgonjwa wake amefariki kwa ugonjwa usio na dawa anaweza kuharibiwa jina mtaani ndani ya wiki moja, naye hana mahali pa kuonyesha kwamba alichunguzwa na hakuonekana na kosa. Adhabu iliyothibitishwa, iliyoandikwa kwa tarehe na sababu, ni nyembamba kuliko uvumi, na ni ya haki kuliko uvumi.

Majirani zetu

Si lazima tuanze kutoka sifuri. Kenya ilikuwa na sheria yake mpya ya madaktari tangu mwaka 1978, na baraza lake la sasa huwawezesha wananchi kutafuta jina la daktari au kituo cha afya kwa simu au kompyuta. Tanzania Bara ilirithi sheria ya mwaka 1959, ikaibadilisha kwa sheria ya mwaka 2017, na Baraza la Madaktari Tanganyika nalo lina daftari linaloweza kutafutwa kwa mtandao. Hata hivyo teknolojia peke yake haitoshi. Septemba 2015 televisheni ya Kenya ilionyesha picha za mtu wa Githurai, Nairobi, aliyeendesha kliniki na kuwatendea wanawake uovu akijiita daktari wao. Ilithibitika kwamba hakuwa katika daftari la madaktari. Jibu lilikuwapo kabla ya madhara. Lililokosekana ni mazoea ya kuuliza.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inazungumzia wafanyakazi kuvuka mipaka na nchi kutambua sifa za kitaaluma za kila mmoja. Daktari akivuka kutoka Kigoma hadi Bujumbura, au kutoka hapa hadi Uvira sasa kwa kuwa Kongo nayo imejiunga mwaka 2022, sifa zake na makosa yake vinapaswa kuvuka naye. Njia ya kitaaluma ipo: baraza la nchi anakotoka huandika barua ya mwenendo mwema na kuituma moja kwa moja kwa baraza la nchi anakokwenda, bila kupitia mkononi mwa mwenyewe. Karatasi za Swango zilipita mikononi mwake mwenyewe. Tofauti ya njia hizo mbili inaonekana ndogo, lakini ndiyo tofauti ya uhai na kifo.

Na hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, si kwa mapenzi ya lugha tu. Karatasi za tiba kwetu huandikwa kwa Kifaransa, za Nairobi na Dar es Salaam nyingi kwa Kiingereza. Mgonjwa wa Buyenzi, wa Kigoma na wa Uvira wanaelewana kwa Kiswahili. Kama daftari la eneo zima lingekuwa na maelezo ya Kiswahili chepesi, pamoja na Kirundi kwetu, mgonjwa huyo angelisoma mwenyewe. Sisi tunaosomea lugha hii tuna kazi ya kufanya hapo: kuamua kwa Kiswahili gani tutasema kwamba leseni imesimamishwa, imefutwa, imewekewa masharti, au imerudishwa, ili maneno hayo manne yasichanganywe kama tunavyochanganya muganga na dogiteri.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba daftari la madaktari limepita mikono mingi. Huko Baghdad lilikuwa mtihani wa khalifa. Uingereza ililiandika kwa jina la mgonjwa, lakini likamwachia mzigo wa kulitafuta, na likawafungia mlango wanawake na Waafrika waliosoma. Wakoloni wa kwetu walikuwa na madaktari wenye sifa zote na wagonjwa wasio na haki ya kuuliza. Visa vya Shipman na Swango vimeonyesha kwamba jina safi katika orodha si ushahidi wa historia safi, na historia yetu wenyewe imetufundisha kwamba orodha ya majina ikiwa mikononi mwa watu wabaya huua.

Kwa hiyo sidhani kwamba jibu ni kuongeza orodha tu. Jibu ni orodha ambayo mgonjwa ana ruhusa ya kuisoma, anaielewa, inamwambia yaliyopita, na haimwambii yasiyohusu kazi. Mpaka itakapopatikana, bado kuna maswali matatu ambayo mtu yeyote anaweza kumuuliza anayemtibu, kwa adabu na bila kuona haya: umesomea wapi, umeandikwa katika baraza gani, na nikitaka kuhakikisha niende kwa nani? Daktari aliyesoma atajibu kwa dakika moja. Anayekasirika kwa kuulizwa, naye pia amekupa jibu.